SOMO LA UFUNDI: Kubadili Sensa ya Gurudumu la Nyuma

Siku hizi gari ndogo zinafika hata vijijini kwetu Bukoba na Muleba. Nyingi zilitumika Japani kwanza. Gari hizo huwa na kifaa kiitwacho ABS. Kampuni ya Bosch ya Ujerumani ilianza kukiuza mwaka 1978.

Kazi yake ni nini? Ukikanyaga breki kwa nguvu kwenye utelezi, gurudumu linaweza kuganda. Likiganda, gari linateleza na usukani haulisikii. Karibu na gurudumu kuna sensa. Hii inapima mwendo wa gurudumu na kupeleka habari kwa waya. ABS ikiona gurudumu moja linaganda, inalegeza breki na kuikaza tena upesi, mara nyingi kwa sekunde moja.

Taa inasema nini?

Ukiwasha gari, taa ya njano ya ABS huwaka, kisha huzimika baada ya sekunde chache. Isipozimika, ABS haifanyi kazi. Breki ya kawaida bado ipo, lakini endesha polepole. Ikiwaka taa nyekundu ya breki na handbreki umeshaiachia, simama! Tazama mafuta ya breki, na uite fundi.

Wapo watu wanaosema, "Ng'oa balbu tu, mambo yatakwisha." Usikubali. Kung'oa balbu si kutengeneza gari, ni kulifunga mdomo. Siku ya mvua, ukishuka mlima wa Kamachumu na abiria na mikungu ya ndizi, utajua kwa nini taa iliwaka.

Kwanza jua gurudumu lenye kosa. Gereji yenye mashine ya kupimia itakuambia. Uliza pia sensa ya gari lako imekaaje. Katika baadhi ya magari imo ndani ya beringi. Hiyo mwachie fundi. Ikiwa imefungwa kwa bolti nje, unaweza kuibadili nyumbani.

Fuata hatua hizi

1. Weka gari mahali tambarare na pagumu. Zima injini. Vuta handbreki, tia gia, na uzuie magurudumu ya mbele kwa mawe makubwa. Handbreki hushika magurudumu ya nyuma, na hayo ndiyo utakayoinua.

2. Legeza nati kidogo, kisha inua gari kwa jeki. Weka stendi ya chuma chini ya chesisi. Usitumie matofali, hupasuka. Usiingie chini ya gari linaloshikwa na jeki peke yake. Jeki ikiteleza, ni kifo.

3. Toa gurudumu. Osha tope. Tazama waya wote. Pengine umekatika tu, au tope limeingia kwenye soketi. Ukiona hivyo, tengeneza hapo kwanza kabla ya kununua kipya.

4. Chomoa soketi. Tia mafuta ya kulegeza kutu kwenye bolti na usubiri. Fungua bolti, mara nyingi kwa spana namba 10. Zungusha sensa taratibu huku ukiivuta. Usiigonge kwa nyundo, ikivunjikia ndani itakutesa.

5. Linganisha sensa mpya na ya zamani: urefu, soketi na tundu la bolti. Zikitofautiana, irudishe dukani.

6. Safisha tundu kwa msasa na kitambaa. Kutu isiangukie ndani. Ingiza sensa kwa mkono mpaka ikae sawa, kisha kaza bolti kwa kiasi. Rudisha waya kwenye vishikizo vyake vyote, usije ukasuguliwa na tairi.

7. Rudisha gurudumu. Kaza nati kwa kupishana. Shusha gari, kisha zikaze tena kwa nguvu.

Kujaribu

Washa gari. Taa ikizimika, endesha polepole kwenye njia tupu na ujaribu breki. Katika gari nyingine taa huzimika baada ya kwenda kidogo. Ikiendelea kuwaka, rudi gereji wakaipime tena.

Ndugu msomaji, usipoziba ufa utajenga ukuta. Taa ndogo ikikuita, itika mapema.

MASWALI
1. Taa ya njano na taa nyekundu zina tofauti gani?
2. Kwa nini handbreki haitoshi unapoinua gari nyuma?
3. Kwa nini tunatazama waya kabla ya kununua sensa?