Punje ya Mahindi na Bua Lake: Kwa Nini Moja Huua Ng'ombe na Jingine Humlisha

Mavuno yakiisha Biharamulo na Ngara, ng'ombe huingia mashambani kula mabua, na mahindi hujaa vihengeni. Ng'ombe anayekula mabua kutwa nzima hurudi zizini salama. Akivunja kihenge na kula debe moja la punje, anaweza kufa kabla ya siku 3 kupita. Kumbe punje na bua vimejengwa kwa sukari ile ile. Kipeperushi hiki kinaeleza sababu, na hatua za kuchukua.

SUKARI HUTENGENEZWAJE?

Mmea huvuta maji kwa mizizi na hewa ya kabonidayoksaidi kwa majani. Kwa nguvu ya jua, huviunganisha kuwa sukari iitwayo glukosi. Kazi hii huitwa usanisinuru. Chembe moja ya glukosi ina kaboni 6, haidrojeni 12 na oksijeni 6. Ndiyo maana vyakula vya jamii hii huitwa kabohaidreti, yaani kaboni na maji.

Fikiria glukosi kama ushanga mmoja. Mmea hutunga shanga hizo kwa namna mbili:

1. Wanga. Hiki ni chakula cha akiba. Shanga zimefungwa kwa fundo jepesi kufunguka. Wanga umo kwenye punje za mahindi na mtama, pumba, mihogo na ndizi mbichi.

2. Selulosi. Hizi ni nyuzi zinazosimamisha mmea. Shanga ni zile zile, lakini fundo lake ni gumu. Selulosi imo kwenye nyasi, mabua na majani ya migomba.

Tumbo la binadamu haliwezi kufungua fundo la selulosi. Ng'ombe mwenyewe pia hawezi. Anafanyiwa kazi hiyo na bakteria na vijidudu vingine wanaoishi katika tumbo lake la kwanza.

Ukitaka kuona wanga ukifunguka, angalia ndizi. Ikiwa mbichi haina utamu, kwa sababu imejaa wanga. Ikiiva, wanga hugeuka sukari. Ukikamua juisi yake na kuweka mtama ili kupata rubisi, vijidudu hula sukari hiyo, povu hupanda na juisi huchachuka. Tumbo la kwanza la ng'ombe nalo ni chombo cha kuchachushia, ila humo hupatikana asidi na gesi. Asidi hizo zikitoka polepole huingia kwenye damu na kumpa ng'ombe nguvu. Gesi huitoa kwa kubeua.

MAJI YANA KAZI GANI?

Zaidi ya nusu ya uzito wa ng'ombe ni maji. Shanga mbili za sukari zinapoungana, chembe moja ya maji hutoka. Ili zitengane tena tumboni, lazima maji yarudi mahali pale. Ng'ombe asiyekunywa maji ya kutosha hula kidogo, na chakula chake husagika polepole.

Maji pia hutengeneza mate. Ng'ombe anapocheua humeza makumi ya lita za mate kwa siku, na mate hayo yana magadi ya asili yanayopunguza ukali wa asidi tumboni. Maziwa nayo ni maji: katika kila lita 100, zaidi ya lita 85 ni maji.

Ng'ombe wa kienyeji wa kilo 250 anahitaji takriban lita 20 hadi 30 za maji kwa siku wakati wa kiangazi. Anayekamuliwa anahitaji zaidi.

PUNJE HUUAJE?

Ng'ombe akila punje nyingi kwa mara moja, wanga hufunguka haraka. Bakteria wanaopenda wanga huongezeka na kutoa asidi kali kuliko mate yanavyoweza kuituliza. Wale wanaosaga nyasi hufa.

Kisha hutokea jambo la hatari zaidi. Ukinyunyiza chumvi kwenye nyama, baada ya muda utaona maji yametoka. Vivyo hivyo, asidi iliyojaa tumboni huvuta maji kutoka kwenye damu. Ng'ombe hukaukiwa mwilini huku tumbo lake limejaa maji.

Dalili zake:
- Hali wala hacheui.
- Ubavu wa kushoto umejaa.
- Anaharisha kinyesi laini chenye harufu ya uchachu.
- Anayumba kama mlevi.
- Macho yamezama ndani.
- Mwishowe analala na hawezi kuinuka.

HATUA ZA KUCHUKUA

Ukimkuta ng'ombe amekula punje au pumba nyingi, usisubiri dalili.

1. Mwondoe kwenye punje mara moja na umpe nyasi kavu tu.
2. Mtembeze taratibu mara kwa mara ikiwa anaweza kusimama.
3. Mpe maji kidogo kidogo. Usimwache anywe kwa pupa.
4. Mwite afisa mifugo wa kata mapema. Mweleze amekula nini, kiasi gani na saa ngapi. Yeye ndiye atakayepima dawa ya kutuliza asidi kulingana na uzito wa mnyama.
5. Usimnyweshe kwa nguvu ng'ombe aliyelala. Dawa inaweza kuingia kwenye mapafu.

KUZUIA NI RAHISI KULIKO KUTIBU

- Funga kihenge kwa mlango imara. Zoa punje zilizomwagika uwanjani na kwenye mashine ya kusaga.
- Waeleze watoto wachungaji kuwa ng'ombe aliyekula punje ni mgonjwa hata kama anatembea vizuri. Watoe taarifa bila kuogopa kuchapwa. Mtoto akificha hadi asubuhi, huenda saa za kumwokoa ng'ombe zikawa zimepita.
- Ukitaka kulisha pumba, anza na nusu kilo kwa siku kwa ng'ombe mkubwa. Ongeza polepole kwa muda wa wiki 2, ukigawa asubuhi na jioni. Mpe nyasi kwanza, pumba baadaye.
- Mihogo ina wanga mwingi, na ile michungu ina sumu ya sianidi. Ikate vipande vidogo, uanike juani hadi ikauke kabisa, kisha ulishe kidogo.
- Kata nyasi za akiba zinapoanza kutoa maua. Zikikomaa sana, selulosi hufungwa na kitu kigumu kama mti, na vijidudu hushindwa kuisaga.
- Changanya mabua na majani ya maharage au lusina. Vijidudu vya tumboni vinahitaji protini ili vifanye kazi.
- Nywesha kila siku inapowezekana, hasa mifugo inapokula mabua makavu.

KUMBUKA: Unapomlisha ng'ombe, unalisha kwanza vijidudu vya tumbo lake. Wape nyuzi nyingi, wanga kidogo, maji ya kutosha, na muda wa kuzoea chakula kipya.