Dondoo muhimu: Daftari la makosa kwa anayejifunza Kifaransa

Usijipime kwa saa ulizokaa na kitabu; jipime kwa makosa yanayojirudia. Mwaka 2006, watafiti Roediger na Karpicke walionyesha kwamba wanafunzi waliojaribu kukumbuka bila kutazama maandishi walibaki na mengi zaidi baada ya wiki moja kuliko waliosoma tena na tena, ingawa hao wa pili ndio waliojiamini zaidi. Kusoma upya hutupa hisia ya kujua, na hisia hiyo hudanganya. Basi kila jioni funga kitabu, andika sentensi tano kuhusu siku yako, kisha zikague. Mzungumzaji wa Kiswahili huenda akakuta amemwita mama yake “il” badala ya “elle”, maana “yeye” letu halibagui jinsia. Nakili kosa, chanzo chake na tarehe. Nakili pia pale Kiswahili kinapokubeba: “nina njaa” ni “j’ai faim”, muundo uleule.

Wapo wanaosema kuhesabu makosa kunavunja moyo. Lakini kinachochosha zaidi ni kuteleza palepale bila kujua sababu. Mwisho wa mwezi fungua kurasa za nyuma: “il” iliyoandikwa mara nne wiki ya kwanza, wiki ya tatu huioni.