Mizani ya Mwili: Tujifunze Tiba ya Jadi ya China

Katika somo hili tunakwenda mbali kidogo, mpaka nchi ya China. Tutasoma jinsi wazee wa huko walivyofikiri juu ya afya. Kisha tutapima lipi linatufaa sisi na lipi tuliache. Kalamu na daftari viwe karibu. Mwisho wa somo kuna maneno mapya na maswali ya kujadili.

Tumechagua somo hili kwa sababu moja. Vijijini mwetu dawa za mitishamba zinatumika kila siku. Wako wanaozisifu mno, wakisema zinatibu kila kitu. Wako wanaozidharau, wakisema ni ushamba. Wachina nao walibishana hivyo hivyo, na njia waliyopita ina mafunzo.

1. Mizani ni nini?

Mkulima anaijua mizani ya kupimia pamba au kahawa. Upande mmoja ukizidi, mizani inalala. Wachina wa kale walisema mwili nao ni hivyo hivyo. Wazo hilo limo katika vitabu vyao vya tiba vyenye umri wa miaka 2,000 hivi.

Walisema kila kitu kina pande mbili. Upande mmoja wanauita yini. Huo ni upande wa baridi, giza, usiku na utulivu. Upande wa pili wanauita yangi. Huo ni upande wa joto, mwanga, mchana na mwendo. Hakuna upande mbaya. Usiku unauhitaji mchana, na kazi inahitaji mapumziko. Walisema pia kuna nguvu ya uhai inayopita mwilini, iitwayo chi. Ikipita vizuri, mtu ni mzima. Ikikwama, au upande mmoja ukizidi, mtu anaugua.

Haya ni mawazo ya watu wa kale. Hawakuwa na hadubini, wala hawakujua habari za vijidudu. Sayansi haijaweza kuiona wala kuipima hiyo chi. Lakini mtu anaweza kukosea kueleza sababu ya jambo, na jambo lenyewe likawa la kweli. Ndiyo maana tunapima, hatukatai tu wala hatukubali tu.

2. Mazoea ya kila siku

Mganga wa jadi wa China humpima mgonjwa kwa njia nne. Humtazama uso na ulimi. Husikiliza sauti na pumzi yake, na kunusa harufu. Humuuliza maswali: unalala vipi, unakula nini, choo kikoje? Mwisho hushika mkono wake na kusikiliza mapigo ya mshipa kwa vidole. Maana yake ni kwamba anataka kujua kwanza jinsi mtu anavyoishi. Basi tutazame na sisi baadhi ya mazoea yao.

Chakula. Wachina hugawa vyakula vya joto na vyakula vya baridi. Hapa hatusemi joto la jikoni, ila jinsi chakula kinavyosikika mwilini. Tangawizi ni ya joto. Tango na tikiti maji ni vya baridi. Hata wazee wa pwani yetu wana maneno kama hayo. Hatuna haja ya kuyafanya kuwa sheria. Lakini shauri la kula kwa kiasi, na kula vyakula vya aina nyingi, ni shauri jema.

Maji ya moto. Wachina wengi hupenda kunywa maji ya moto yaliyochemshwa. Wazee wao walisema maji baridi huharibu mizani ya tumbo. Sayansi inatoa sababu nyingine: maji yakichemka, vijidudu vya kuhara na vya kipindupindu vinakufa. Umeona? Sababu waliyoitoa ni moja, na faida iliyothibitishwa ni nyingine. Sisi tuchemshe maji. Ukipenda, yaache yapoe ndani ya chombo safi chenye mfuniko, kisha unywe.

Mazoezi ya taratibu. Asubuhi, katika bustani za miji ya China, utawaona wazee wakicheza taichi. Wanainua mikono polepole, wanahamisha uzito kutoka mguu huu mpaka mguu ule, na wanavuta pumzi kwa utulivu. Mwaka 2020 shirika la UNESCO liliiandika taichi katika urithi wa utamaduni wa dunia. Uchunguzi umeonyesha kuwa wazee wanaoifanya wanapunguza hatari ya kuanguka. Mkulima anayeshika jembe mchana kutwa tayari anafanya kazi ya mwili. Lakini mzee aliyeacha kulima asikae tu kibarazani. Atembee, ajinyooshe, mwili usikauke.

Sindano. Waganga wa China huchoma sindano nyembamba sana sehemu mbalimbali za mwili. Sindano hizi hazina dawa ndani. Uchunguzi unaonyesha zinaweza kupunguza baadhi ya maumivu, kwa mfano ya mgongo. Lakini haziui vijidudu vya malaria wala vya kifua kikuu. Tena sindano chafu huleta ukimwi na homa ya ini. Kwa hiyo usikubali kuchomwa na sindano iliyokwisha kutumiwa kwa mtu mwingine.

3. Habari ya mmea mmoja

Sasa tufike kwenye kiini cha somo. Mwaka 1967 kulikuwa na vita nchini Vietnam. Malaria iliwaangusha askari wengi, na dawa ya klorokwini ilikuwa imeanza kushindwa. Serikali ya China ikakusanya wataalamu watafute dawa mpya. Mwaka 1969 mama mmoja, Tu Youyou, akapewa kazi ya kuongoza kikundi cha utafutaji. Mama huyu alizaliwa mwaka 1930. Alipokuwa msichana aliugua kifua kikuu, na ugonjwa ule ndio uliomfanya apende kusomea dawa.

Kikundi chake kilisoma vitabu vya kale na kuwauliza waganga. Walikusanya maelezo ya dawa zaidi ya 2,000. Kisha wakaanza kuzijaribu kwa wanyama, moja baada ya nyingine. Nyingi hazikufaa. Mmea mmoja wa jamii ya pakanga, uitwao chinghao, ulionyesha nguvu. Lakini siku nyingine ulifaa, siku nyingine haukufaa.

Tu Youyou akarudi vitabuni. Akasoma tena kitabu cha mganga Ge Hong, aliyeishi miaka 1,600 na zaidi iliyopita. Ge Hong alieleza kwamba mmea ule uloweshwe katika maji, ukamuliwe, na mgonjwa anywe maji yake. Hakutaja kuuchemsha. Mama akajiuliza: je, labda moto ndio unaoharibu dawa? Akatumia njia isiyohitaji joto kali. Mwaka 1971 dawa yake iliua vijidudu vyote vya malaria katika panya na nyani. Mwaka 1972 yeye na wenzake waliinywa kwanza wao wenyewe, waone kama ina sumu. Hapo ndipo wakapewa wagonjwa.

Dawa iliyopatikana ndani ya mmea ule inaitwa artemisinini. Leo dawa zinazotokana nayo zimo ndani ya vidonge vya dawa mseto. Tanzania Bara ilianza kutumia dawa mseto ya malaria mwaka 2006, baada ya dawa za zamani kushindwa. Mwaka 2015 Tu Youyou alipewa Tuzo ya Nobeli. Na mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba China imeishinda malaria, kwa dawa, kwa vyandarua, na kwa kuharibu mazalio ya mbu.

4. Tusiichanganye habari hii

Mtu anaweza kusema: "Kumbe dawa inatoka kwenye mmea! Basi nipande, nichemshe majani, nimnyweshe mtoto." Ndugu msomaji, hapana. Katika kikombe cha majani hujui dawa ni kiasi gani. Mmea mmoja unayo nyingi, mwingine unayo kidogo. Dawa ikiwa kidogo, vijidudu havifi vyote. Vinavyobaki vinaweza kuizoea dawa, na siku moja dawa mseto nayo itatushinda kama klorokwini. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilisema haliungi mkono kutibu malaria kwa majani au chai ya mmea huu.

Tena tusidanganyike kwamba kitu cha asili hakina madhara. Katika miaka ya 1990, nchini Ubelgiji, watu walipewa vidonge vya mitishamba ya Kichina vya kupunguza unene. Mtishamba mmoja ulichanganywa na mwingine wenye sumu. Watu zaidi ya 100 waliharibika figo.

Basi tufanye hivi:

(a) Mtoto akipata homa, mpeleke zahanati siku hiyo hiyo, apimwe damu. Usingoje kuona kama mitishamba itasaidia.

(b) Ukipewa dawa mseto, maliza dozi yote kama ulivyoelekezwa, hata kama homa imeshuka. Usimgawie jirani vidonge vilivyobaki.

(c) Soma maandishi ya kwenye pakiti. Kama hayaeleweki, muulize mganga wa zahanati.

(d) Kama umetumia mitishamba, mwambie mganga. Usifiche, wala usione haya.

(e) Mazoea mema ya mizani, yaani chakula cha kiasi, maji yaliyochemshwa, usingizi wa kutosha na mwendo wa mwili, yafuate kila siku. Hayo hayahitaji fedha nyingi.

Tiba ya jadi isidharauliwe, wala isiaminiwe kwa macho yaliyofumbwa. Ipimwe. Tu Youyou aliwaheshimu wazee wake kwa kusoma maneno yao kwa makini, kisha akayapima. Nasi tunaojua kusoma tuige mfano huo.

Maneno mapya

Hadubini: chombo cha kutazamia vitu vidogo visivyoonekana kwa macho.
Dozi: kiasi cha dawa ambacho mgonjwa anapaswa kutumia.
Dawa mseto: dawa mbili au zaidi zilizochanganywa ili zisaidiane.
Mazalio: mahali mbu wanapotaga mayai na kuzaliana.

Maswali ya kikundi

1. Wachina wa kale walisema nini juu ya pande mbili za mwili?
2. Maji yaliyochemshwa yana faida gani? Kijijini kwetu tunachemsha? Kama hatuchemshi, tunazuiwa na nini?
3. Kwa nini Tu Youyou alirudi kusoma kitabu cha zamani? Alitambua nini?
4. Eleza kwa maneno yako hatari ya kutibu malaria kwa chai ya majani.
5. Andika katika daftari lako mitishamba mitatu inayotumika kijijini. Mbele ya kila mmoja andika: unatibu nini? Nani ameupima? Uleteni orodha hiyo darasani, na mwiteni mganga wa zahanati aje mjadiliane naye.