Bahari inapimwa toka juu: inatuhusu nini huku Musumba?



Bahari iko mbali na sisi. Kwa nini basi wakati wa kutabiri mvua, watu wa meteo wanaitaja?

Tuanzie mtoni. Kwenye Lualaba, nyuma ya jiwe kubwa, maji yanajizungusha. Baharini kuko mizunguko ya namna hiyo, lakini kati ya Msumbiji na Madagaska inafika hata kilometa 300 kwa upana. Ingine imeinuka katikati sawa kichuguu, ingine imebonyea sawa sahani. Mtu kwenye mashua haoni kitu, sababu tofauti ni makumi ya sentimeta tu.

Satelite njo inaona. Toka 1992, TOPEX/Poseidon ya Marekani na Ufaransa ilipita kilometa 1.336 juu ya bahari, ikituma mawimbi ya radari chini na kuhesabu muda wa kurudi kwake. Muda ukijulikana, kimo cha maji kinajulikana, na kosa ni sentimeta chache. Kila siku 10 hivi ilirudia njia yake. SWOT, iliyorushwa Desemba 2022, inaona mkanda mpana kuliko mstari mmoja, na inapima hata mito mikubwa na maziwa.

Sasa, maji ya moto yanavimba. Pahali bahari imeinuka, mara nyingi joto liko chini yake. Mwanzoni mwa 2023 satelite ziliona maji ya namna hiyo yakisafiri toka upande wa Indonesia kuelekea Peru: El Niño ilikuwa inakuja. Februari 2024 jirani zetu wa Zambia walitangaza ukame kuwa msiba wa taifa. Katikati kulikuwa miezi mingi ya kuchagua mbegu.

Lakini tusidanganyane. Musumba iko kaskazini zaidi, mvua yetu haifuati El Niño kwa nguvu kama kusini mwa Zambia. Na satelite haijui siku mvua itanyesha kwako. Mwaka wa El Niño, sisi tunashauri: usimwage mbegu yote ya mahindi kwenye mvua ya kwanza. Chimba kwanza, udongo ukiwa na maji paka kiganja kimoja kwenda chini, panda nusu. Nusu ingine ingojee wiki mbili. Muhogo usiupunguze.

Kitu satelite haina ni tarehe za mashamba yetu. Kila kikundi kiandike kwenye daftari siku ya mvua ya kwanza, na siku zote za jua kali zilizoifuata.