Ukimwona gorong'ondwa, usianze na rangi

Panda kwenye mawe ya Mwanza saa tatu asubuhi, jua likishaupasha mwamba, na huenda utamkuta kabla hujapata pa kukaa: dume la gorong'ondwa, mabega mekundu yanayoelekea waridi, kiwiliwili buluu, anapiga pushapu juu ya jiwe refu kuliko yote kana kwamba analilipia kodi. Wapita njia watakwambia ni mjusi kafiri. Siyo. Mjusi kafiri ni yule wa ukutani na darini anayewinda wadudu kwenye taa usiku, na ukoo wake ni mwingine kabisa.

Anayetaka kumwita kwa jina lake sahihi huteleza kwenye rangi, maana ndiyo inayomvuta. Kwa mnyama huyu rangi ni hali aliyo nayo saa hiyo. Dume huyohuyo akiwa na baridi, akitishwa, au akifukuzwa na mkubwa wake, hufifia akawa kahawia kama jiwe lenyewe. Siku zangu za mwanzo niliandika daftarini aina mbili katika mwamba mmoja. Kumbe nilimwona dume mmoja mara mbili, kabla na baada ya kupigana.

Kwa hiyo andika mahali kwanza: wilaya, kilima, jiwe au ukuta wa nyumba. Kwa kundi hili mahali hupunguza makosa kuliko kamera ya bei mbaya, na sababu iko kwenye historia ya majina. Linnaeus alimpa mjusi huyu jina mwaka 1758, na kwa miaka mingi karibu kila gorong'ondwa mwenye kichwa chekundu, kuanzia Afrika Magharibi hadi kwetu, alitiwa kapu moja la Agama agama. Yule anayeota jua kwenye kuta nyingi za Kenya, Agama lionotus, Boulenger alishampa jina lake mwaka 1896, lakini baadaye akashushwa kuwa nususpishi tu. Ulinganisho wa vinasaba na magamba umelipasua kapu hilo, na jina la Agama agama limebaki kwa wa Afrika Magharibi na ya Kati. Mwaka 2005 kundi hilohilo lilipata spishi nyingine kutoka magharibi mwa Kenya, Agama finchi. Ukishika kitabu cha zamani kinachomwita gorong'ondwa wa Nairobi Agama agama, chukua hilo kama jina la zamani, uendelee.

Sasa mtazame dume mzima aliyeshapata joto, ukisimama kama hatua kumi hivi, na kivuli chako kisimfikie. Angalia nyekundu inaishia wapi. Kwa Agama lionotus huishia kichwani na shingoni, halafu buluu inashika. Kwa Agama mwanzae, aliyeelezwa na Loveridge mwaka 1923 na kupewa jina la Mwanza, inashuka mabegani, mikononi hadi kifuani, kama mtu aliyevaa fulana. Ndiyo maana watalii wa Serengeti wanamwita Spider-Man. Mwanzae pia ana kichwa kilichobapa, na ukimwona akipotelea kwenye ufa usiopitisha hata kiganja utajua kinamfaa nini. Kisha tazama mkia. Kwenye nyanda za juu za Kenya yuko Agama caudospinosa, mkia wake una pete za miiba utakazoziona hata kwa darubini ndogo. Na ukikuta kichwa cha buluu juu ya shina la mti, umetoka kwenye jenasi ya Agama: huyo ni Acanthocercus.

Piga picha nne kabla hajakimbia: ubavu wa kichwa, tundu la sikio likionekana na vishungi vya miiba vinavyolizunguka, koo, mgongo kwa juu, na mkia mzima hadi ncha. Ya tano iwe ya mwamba wenyewe. Watu wengi hurudi na picha kumi za uso mwekundu na hakuna hata moja ya mkia, halafu wanamwomba mtaalamu jina.

Usimkamate kwa mkia. Akiupoteza, hauoti tena vizuri kama wa mjusi kafiri, na dume asiye na mkia ana kazi kubwa kulinda jiwe lake. Watoto wanaomrushia mawe wape darubini. Nimeona ikifanya kazi.

Jike na mtoto ni habari nyingine. Ni kahawia, pengine na madoa ya njano au rangi ya chungwa ubavuni, na majike wa spishi mbili jirani hufanana mno. Hapo andika Agama, ukomee jenasi, kisha kaa kimya kama robo saa. Dume mwenye jiwe mara nyingi hayuko mbali, na akishaona hutikisiki atapanda tena kileleni kupiga pushapu zake.