Dondoo muhimu: Akchueta ya piezo kwenye kioo cha leza
Kauri hii inayosogeza kioo kwa nanomita huvumilia kubanwa, lakini ikivutwa au kupindishwa hupasuka. Ifunge pamoja na springi inayoibana muda wote, na usiizungushe unapokaza skrubu.

Usiamini volti peke yake. Volti ileile hukupa nafasi mbili tofauti, ukipanda na ukishuka. Tofauti hiyo yaweza kufika asilimia 10 hadi 15 ya mwendo wote. Kwa kazi ya usahihi, kihisi cha nafasi ni lazima.

Unyevu huiharibu taratibu, hasa ikiachwa kwenye volti ya juu saa nyingi. Kazi ikiisha, shusha volti.

Kabla ya kugusa nyaya, ondoa chaji kupitia rezista: hata iliyochomolewa huzalisha umeme ikipata joto.