Kufunga Spoila ya Mbele kwenye Datsun 240Z: Mwongozo kwa Mafundi wa Bodi

Datsun 240Z lina heshima yake Afrika Mashariki. Ndilo lililoshinda Mbio za Safari mwaka 1971 likiendeshwa na Edgar Herrmann, msaidizi wake akiwa Hans Schüller, na likashinda tena mwaka 1973 mikononi mwa Shekhar Mehta na Lofty Drews. Mwenye gari la aina hii anapokuletea gereji na kuomba ulifungie spoila ya mbele, amekukabidhi bodi yenye umri wa nusu karne ambayo vipuri vyake havipatikani kila duka. Kwa sababu hiyo, kazi ipangwe hivi: kupima na kujaribisha kuchukue muda mrefu, na kutoboa kuje mwisho.

Elewa kwanza spoila inafanya nini. Gari hili lina boneti ndefu na pua iliyo wazi. Likishika kasi, upepo mwingi hupita chini ya bampa, na mwingine huingia kupitia rejeta ukakosa pa kutokea haraka. Hewa hiyo hujaa chini ya boneti na kuisukuma juu, dereva akahisi usukani umekuwa mwepesi na gari linayumba kila upepo wa ubavuni unapovuma. Mjini tatizo halionekani, kwa kuwa nguvu ya hewa hukua kwa mraba wa mwendo: ukitoka kilomita 80 kwa saa hadi 160, nguvu hiyo huwa mara nne. Spoila hupunguza upepo unaopita chini, shinikizo la hewa nyuma yake likashuka, na pua ikatulia. Rejeta nayo hunufaika, maana hewa iliyopita ndani yake hupata njia ya kutoka. Huko Marekani, timu ya Peter Brock iliyoitwa BRE ilifunga spoila ya namna hii kwenye 240Z zake za mashindano, na dereva wao John Morton akatwaa ubingwa wa kitaifa wa daraja la C Production mwaka 1970 na 1971. Spoila nyingi zinazouzwa leo kwa gari hili zimefuata umbo hilo.

Utaletewa ama ya faibaglasi ama ya plastiki laini ya yurethani. Faibaglasi ni nyepesi na hushika rangi vizuri, lakini ikigonga tuta hupasuka. Yurethani hukunjika ikarudi, ila hutanuka kwa joto, na ikihifadhiwa vibaya hufika imejipinda. Kwa gari linalotembea barabara zetu napendekeza yurethani bila kusita. Ikiwa imejipinda, ilaze juani kwenye meza iliyonyooka mpaka ilegee, kisha uinyooshe taratibu. Usiivute kwa bolti ili ikae sawa, kwa sababu itakuwa inavuta bati siku zote.

Sasa angalia bati la chini ya bampa, ambalo ndilo litakalobeba spoila. Kwenye 240Z bati hili limefungwa kwa bolti, halikuchomelewa, na hapo ndipo pana nafasi ya kuokoa gari. Mshauri mwenye gari atafute bati la pili, hata la kuiga, utoboe hilo, na lile lililotoka nalo kiwandani lihifadhiwe zima. Kama hakuna la pili, lifungue, likwangue ndani na ukague kutu pembeni ambako matope hukaa. Bati lililoliwa na kutu halifungiwi kitu kabla ya kukatwa na kuchomelewa upya. Puti haibebi uzito wa spoila wala msukumo wa upepo.

Upimaji ufanyike gari likiwa limesimama kwa tairi zake kwenye sakafu iliyo sawa, upepo wa tairi ukiwa sahihi, watu wawili wakiwa wamekaa mbele. Gari likiwa kwenye jeki vipimo vyote ni vya uongo. Ning'iniza timazi katikati ya nembo ya boneti, weka alama sakafuni, na kutoka hapo pima kulia na kushoto. Usiiamini bampa: magari mengi ya umri huu yamewahi kugongwa na bampa imepanda upande mmoja. Shikiza spoila kwa tepu na koleo za kubana, kisha rudi nyuma hatua kadhaa na uitazame ukiwa umechuchumaa. Jicho litaona upogo ambao rula haikuuona. Kisha zungusha usukani hadi mwisho pande zote mbili, uhakikishe tairi haigusi ncha za spoila. Hakikisha pia haizibi tundu la hewa ya rejeta wala ndoano ya kuvutia gari. Kutoka ukingo wa chini hadi ardhini nisingeruhusu pungufu ya sentimita 12, kwa sababu breki zikishikwa ghafla pua huzama.

Ukiridhika, toboa. Bandika tepu ya karatasi mahali pa tundu, anza na keekee ya milimita 3, kisha panua. Kwa faibaglasi tobolea upande wa nje, bila kukandamiza, na uvae barakoa na miwani, kwani vumbi lake huumiza mapafu na macho. Kwa yurethani, tundu la katikati likae barabara na bolti ya milimita 6, lakini yale ya pembeni yarefushe kidogo kwenda upande, ili plastiki ipate pa kutanukia jua likiwaka. Fundi asipofanya hivi, spoila hujikunja mawimbi mchana na kunyooka usiku, mpaka rangi inapasuka kuzunguka bolti. Kila tundu kwenye bati lipakwe praima ya kuzuia kutu papo hapo. Tumia bolti zisizoshika kutu, washa pana na nati zenye plastiki ndani zisizolegea. Kaza kwa mkono. Washa ikianza kuzama kwenye spoila, umeshapitiliza.

Rangi ipigwe baada ya majaribio haya yote, spoila ikiwa imefunguliwa. Kwa yurethani changanya kile kiungo cha kulainisha rangi, la sivyo itameguka kama ganda.

Kuna jambo ambalo mwenye gari lazima aambiwe kabla hajalipa. Kutuliza pua peke yake hubadilisha mizani ya gari, na kwenye mwendo mkubwa sehemu ya nyuma ndiyo itakayoonekana nyepesi. Porsche waliipa 911 S spoila ya mbele kwa magari ya mwaka 1972, na Carrera RS iliyofuata ikapewa pia mkia wa nyuma. Anayekusudia kukimbiza 240Z uwanjani afikirie spoila ya nyuma vilevile.

Jaribio la barabarani lianze polepole, jicho likiwa kwenye geji ya joto, na usikilize mtikisiko wa ncha za spoila kabla ya kuongeza mwendo. Likirudi, gusa kila nati. Mwite tena baada ya kilomita 100 uzikague upya, na siku hiyo umkabidhi bati lake la zamani pamoja na bolti zake kwenye mfuko ulioandikwa jina la sehemu zilikotoka.